Benchi Lako Limetoka Garini, Baba

Baba,

Makaburini huwa nakusalimu pamoja na wenzako wote waliolala pale, kama tulivyofundishwa. Leo nakusalimu peke yako. Najua maalimu akiniona na kalamu hii ataniuliza posta ya huko inapita wapi. Yasini nimekusomea asubuhi na dua nimeomba. Haya mengine si dua, ni habari, na wewe ulikuwa mtu usiyeweza kulala bila kujua habari za mtaa mzima.

Nimekaa kwenye benchi lako. Si garini, nimekaa nalo hapa uwani kwetu kisiwani Amu, karibu na mtungi, na Mama yuko upande wa pili wa benchi hilo hilo anachambua mchele. Usishtuke. Benchi limetoka zima, halina hata mkwaruzo, na nitakueleza lilivyotoka. Ila naomba unisikilize mpaka mwisho. Kwa tabia yako ile ya kujibu kabla mtu hajamaliza, hata sasa naogopa utanikatiza.

Wajukuu zako hawajambo. Twalib ameng'oka meno mawili ya mbele na anajisikia mzee. Rukia huuliza, "Babu yuko wapi?" kisha hujijibu mwenyewe, "Yuko kwa Mungu, anaunda mashua." Hakuna aliyemsahihisha. Athman mume wangu hajambo pia, na bado mnene, kabla hujauliza.

Lile gari la mkate bado liko ng'ambo Mokowe, chini ya paa la makuti la Bwana Karisa, fundi wa magari. Unakumbuka siku uliyorudi kutoka bara ukatuambia umenunua gari? Mama alidhani jua limekupiga. Alikuuliza mtu wa Amu ana kazi gani na gari, na vichochoro vyetu hata punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma. Na tena gari lenyewe lilikuwa la kusambazia mikate, nyuma halina kiti wala dirisha, bati tupu linalonuka hamira. Ulivua kofia ukaketi, ukasema, "Meunda vyombo vimefika kila nti, na mimi Voi siyafika." Ukawaita wajukuu, ukawaahidi mbele yetu sote kwamba utawapeleka barani wakawaone tembo, mtalala ndani ya gari na kuamkia ndani ya gari, na chai mtapikia mlangoni.

Tangu siku hiyo hukuwa na kazi nyingine. Ulitandika sakafu ya mbao. Ulichonga mabenchi mawili ya kuelekeana, moja kila upande, na kwenye ubao wa mbele ukachora yale mawaridi yako ya milangoni. Hukupiga msumari hata mmoja, kazi yote vijiti. Matakia nilishona mimi, kitambaa cha kijani, na ukanirudisha nikashone tena kwa sababu ya kwanza ulisema yamevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Watu walikuja kutoka Amu kwa mashua kuja kuangalia tu. Lilikuwa zuri, Baba. Sitaki ufikiri kuna siku niliona si zuri.

Lakini uliliunda kama chombo cha baharini. Mabenchi kandokando, watu waelekeane, uzani uwe sawa huku na huku. Siku ya kwanza tulipozunguka nalo pale Mokowe, kila kona ulikuwa unampigia kelele Athman kana kwamba mko katikati ya mkondo, na siku aliyoendesha Karisa ukamwita Athman, aliyekuwa nyuma nasi, aje upande wako kusawazisha uzani, "Ndoo huku wewe, chombo kimelala!" Tulicheka mpaka Karisa akasimamisha gari.

Na ni siku hiyo Athman alipokuuliza mikanda ya watoto utaitia wapi. Ulibadilika uso. "Mwana hafungwi, Athman. Mai yakiingia huna wakati wa kufungua kifundo." Athman akasema, "Baba, njia ya Voi haina maji." Tukacheka tena. Wewe hukucheka.

Mimi nilijua kwa nini hukucheka. Hadithi ya Kizingitini nimeisikia tangu nanyonya. Ulikuwa kijana, abiria tu kwenye mashua ya watu, na mama mmoja alikuwa amejifunga mwanawe kiunoni kwa leso ili asimponyoke. Mashua ikapinduka karibu na nchi kavu, pale Kizingitini, mahali ambapo mtu mzima angeweza hata kusimama. Leso ilipolowa, kifundo kikakaza, na yule mama hakuweza kukifungua, na mtoto alikuwa chini. Ulikikata kwa kisu chako. Mtoto yule leo ni bibi wa watu, na kila Idi alikuwa akikuletea halua. Tangu hapo kisu hakikukutoka kiunoni, na katika vyombo vyote ulivyounda, na safari zote tulizosafiri nawe, ukiona mtoto amefungwa kamba unaikata kwanza halafu ndiyo unauliza ni wa nani.

Kisha ukalala baada ya alasiri, siku ya kawaida kabisa, samaki wamo jikoni, na hukuamka. Siwezi kuandika zaidi ya hapo. Nimejaribu mara kadhaa na kila mara naishia kwenye wale samaki.

Mkoba wa safari wa Twalib ulikuwa umeshafungwa wiki ile. Hakuufungua. Aliuweka chini ya kitanda chake na kila Ijumaa, akitoka msikitini na baba yake, aliniuliza kama tembo bado wapo.

Mama alipokuwa edani, Athman alisema tuwachukue watoto tuwazungushe kidogo bara, upande wa mji wa Hindi, wapate hewa, maana nyumba ilikuwa nzito. Tukavuka, tukawakalisha mabenchini mwako, mimi katikati nimeshika ile pete uliyoning'iniza darini. Kwenye kizuizi polisi mmoja kijana akafungua mlango wa nyuma. Aliangalia mawaridi kwa muda mrefu, akayapitishia kidole. Akasema mzee aliyefanya kazi hii ni fundi kwelikweli. Halafu akasema, "Lakini mama, hawa watoto mmewapakia kama mizigo. Geuzeni polepole, na msiwabebe hivi tena."

Nilikasirika, unanijua. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namtukana kimoyomoyo. Lakini huku namtukana, macho yangu yalikuwa kwa Rukia, miguu yake inaning'inia haifiki chini, mgongo wake haujagusa kitu, na mbele ya gari, kule ambako angekwenda kama Athman angekanyaga breki, hakuna kitu cha kumpokea ila chuma cha kiti cha dereva. Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Tulipofika kwa Karisa nilikuwa nimeacha kumtukana yule polisi.

Karisa hakunizungusha. Alisema, "Mama Twalib, kukaa ubavu si kukaa. Gari likisimama ghafla, mtu anakwenda mbele, na benchi hili halina mbele." Akaniambia watoto wanataka viti vinavyotazama dereva anakotazama, vimeshikwa kwenye chuma cha gari lenyewe, na mikanda imeshikwa kwenye chuma hicho hicho. Nikamuuliza, mkanda hatuwezi kuupigilia kwenye benchi? Mbao zenyewe ni mbambakofi, mti mgumu wa kuundia vyombo. Akagonga sakafu yako kwa mguu. Akasema mbao hii ni nzuri kuliko roho za watu wengine, lakini siku ya siku itapasuka na mkanda utaondoka na mtoto na kipande cha benchi.

Basi benchi lingetoka. Hakukuwa na njia nyingine, na kazi ya kumwambia Mama ikawa yangu.

Mwanamke aliye edani hubishani naye. Nilikaa miguuni pake nikamweleza taratibu, na yeye alinisikiliza amekunja mikono. Kisha akasema, "Mkono wa babako umesalia mahali pawili, mlango wa nyumba hii na benchi lile. Mlango nautazama kutwa. Benchi msiliguse." Nikasema watoto hawawezi kupanda gari vile. Akasema, "Na wana wangu hamuwafungi kama mbuzi wa Idi. Babako hakutaka." Nikasema, kama ni hivyo hawapandi. Akasema basi wasipande.

Na hawakupanda. Hivyo ndivyo tulivyokaa, Baba, yeye na mimi, wote wawili tunakupenda na hatusemezani vizuri. Nikimwangalia Twalib na mkoba wake roho inaniuma. Nikifikiria kumwacha apande vile vile, roho inasimama kabisa. Athman akaanza kutaja, kwa sauti ya chini ya mtu anayejua atagombezwa, kwamba yuko mtu Mokowe anataka gari arudie biashara ya mikate. Sikumgombeza. Nilikwenda chumbani nikalia.

Eda ilipokwisha, Mama alioga, akavaa, akafukiza udi, na jambo la kwanza alilotaka, kabla ya kwenda kwa dada zake wala kwa jirani yeyote, ni kuvuka kwenda kuliona benchi. Nilidhani anakwenda kulilinda. Nadhani naye alidhani hivyo.

Tulikwenda watatu, watoto tuliwaacha kwa shangazi yao. Pale gatini Mokowe Mama akanunua tikiti maji kubwa la kuwarudia nalo watoto. Athman akamwomba ampeleke mwendo mdogo tu, apate upepo baada ya miezi ya kukaa ndani. Mama akapanda mbele. Mkanda wa mbele aliukalia. Mimi nikakaa nyuma kwenye benchi, na lile tikiti Mama mwenyewe aliliweka kando yangu juu ya takia la kijani, akaliegemeza vizuri kama mgeni.

Hatukuwa mbio, nakuapia. Athman unamjua, huendesha kama mtu aliyebeba mayai. Ng'ombe wakatoka vichakani, wakaingia barabarani wote kwa pamoja, na Athman akakanyaga breki.

Tikiti liliondoka. Sikuliona likiviringika, niliona tu takia halina kitu, halafu nikasikia kishindo nyuma ya kiti cha Mama, na maji mekundu yakamrukia mpaka kwenye buibui. Mimi mwenyewe nilijikuta nimepiga magoti sakafuni na pete ya darini imebaki inabembea. Hakuna aliyeumia. Goti langu lilichubuka, basi. Athman alikuwa anasema samahani, samahani, na ng'ombe wanapita bila haraka.

Mama aligeuka. Aliangalia vipande sakafuni. Halafu akaangalia takia, pale lilipokuwa limeegemea.

"Hapo ndipo aketipo Rukia," akasema.

Alifungua mlango akashuka. Baba, miezi yote ile Mama alikuwa akilia kimya, machozi yanashuka huku mkono unafanya kazi, ukimuuliza anasema ni moshi. Siku ile alilia kwa sauti, amesimama kando ya barabara, buibui limelowa tikiti, ng'ombe wanamwangalia. Nilimshika. Alilia akakutaja jina, si Baba Zuhura kama siku zote, jina lako, ambalo sijapata kumsikia akilitamka. Alipotulia alijipangusa uso kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani, akasema, "Angelikuwapo, angeliling'oa mwenyewe, na asingengoja kesho."

Hapo ndipo nilipojua anakuelewa kuliko mimi. Mimi nilikuwa nakuona kama mtu ambaye lazima nimshinde.

Kwa Karisa, mambo yakaenda haraka. Karisa akatoka na mtaimbo mrefu wa kung'olea, na Mama akamwambia, "Kiweke kando chuma hicho, Bwana Karisa." Akaingia garini, akaketi sakafuni na buibui lake, akapitisha mkono chini ya benchi akipapasa. Alikuwa anatafuta kitu. Mimi sikujua, ingawa ni binti yako, lakini Mama alijua, kwa sababu alikushikia vipande miaka yote. Ulilifunga benchi kama vitanda vyetu vya harusi, vinavyofumuliwa ili vipite kwenye ngazi nyembamba za Amu na kufumwa upya chumbani. Na kijiti cha kwanza, kile kinachoshikilia vingine vyote, wewe hukiacha kirefu kidogo kuliko wenzake. Akakipata. Akaomba nyundo ya mti, akasema bismillahi, akakigonga kutoka chini. Kikatoka. Kikafuata kingine, na kingine, na benchi likaanza kulegea mikononi mwetu taratibu, ubao mmoja baada ya mwingine, mawaridi yako yote mazima.

Karisa akasema, "Huyu mzee alijua siku moja litatoka."

Mama akasema, "Hakuyua. Ndivyo alivyoyua kufanya, basi." Na akacheka, mara ya kwanza tangu uondoke. Tukalivusha kwa mashua vipande vipande, na akalifuma upya hapa uwani.

Sasa nikueleze viti, maana najua utataka kuvikagua. Karisa alifunua mbao zako mahali pa viti tu, akafika kwenye bati, na chini ya bati akaweka sahani nene za chuma, boliti zikapita zote zikashika fremu ya gari yenyewe. Ni viti vya safu moja vya watu watatu, vilivyotoka kwenye gari ambalo halikupata ajali, mikanda yake ya kiunoni na kifuani imo mwilini mwake. Vinatazama mbele. Alipomaliza, yeye na Athman walifunga kamba kwenye kiti wakakivuta kwa nguvu zote, na gari zima likayumba na kiti hakikusema kitu. Athman alijiona shujaa mpaka jioni. Kisha gari likapelekwa likakaguliwa na wenye kazi yao, mtu akaingia chini na tochi akagusa boliti moja moja, akalipitisha.

Rukia ana kiti chake kidogo, kimeshikwa juu ya kile kikubwa, kina mikanda inayopita mabega yote mawili. Twalib ana kiti cha kumwinua, ili mkanda upite begani na usimkate shingo. Mimi nakaa katikati yao. Mama mbele, na mkanda haukalii tena.

Benchi la pili limebaki, usinung'unike. Liko nyuma kabisa ya viti, limekazwa kwa chuma, limekuwa kitanda na sanduku. Sufuria, jiko na mtungi wa gesi vimo ndani na kifuniko kimefungwa, maana tangu tikiti Mama haamini hata kikombe kikae wazi. Karisa ametuambia, hapo ni pa kulala gari likisimama, likitembea hapana mtu. Twalib amejaribu kumbembeleza. Ameshindwa.

Nikuchekeshe kidogo. Mimi, kwa ujuaji wangu wa kushona, nilitaka kushona mikanda mwenyewe. Nilimpelekea Karisa mkanda wa turubai la tanga, uzi mara nne, mshono ambao hata wewe ungeusifu. Aliutazama kwa heshima. Halafu akanipa mkanda wa gari akaniambia niuvute polepole. Ukaja, laini. Akaniambia niuvute kwa kishindo. Ukakataa, ukakaza papo hapo. Nikauvuta tena na tena kama mtoto. Kumbe kazi yote imo kwenye kile kigurudumu kilichojificha, na turubai langu ni turubai tu. Nimelifanyia mfuko wa viatu.

Mama naye aliujaribu. Aliuvuta taratibu ukaja, akaushtua ukakaza, akauachia ukarudi. Akasema, "Unajua lini ushike na lini uachie." Halafu akaweka kidole kwenye kile kitufe chekundu, akabonyeza, na ukafunguka kwa kidole kimoja. Akafunga tena, akabonyeza tena. Nilimwona anafikiria Kizingitini. Nami nilikuwa nafikiria huko huko.

Ndipo akaweka sharti lake. Alisema hakuna mwana wa nyumba hii atakayefungwa kabla hajajua kufungua. Kwa hiyo, Baba, kabla watoto hawajasafiri hata hatua moja, walifundishwa kufungua. Kitufe cha Rukia ni kigumu makusudi, asije akajitoa njiani kwa utundu wake, na vidole vyake haviwezi. Basi Twalib amefundishwa kufungua chake, kisha ageuke anipite mimi kana kwamba sipo, afungue cha dada yake, na wote watoke mlangoni. Mama husimama nje ya gari anasoma Kulhuwallahu kwa mwendo wake wa kawaida, na kabla hajafika mwisho wa sura wote wawili lazima wawe wamesimama mchangani. Siku ya kwanza alisoma mpaka akarudia, na Rukia bado ananing'inia mguu mmoja. Sasa hivi hajafika nusu, tayari wamemkumbatia magoti. Karisa huacha kazi zake kuja kutazama. Ameanza kuwafanyia wanawe hivyo hivyo.

Na kisu chako. Tangu ulipooshwa kilikuwa kwenye sanduku la Mama, kimefungwa kwenye kilemba chako. Juzi alikitoa akanipa. Karisa amekinoa. Mimi nimekishonea ala ya ngozi, na ndani nimeweka kitambaa kilichobaki cha yale matakia ya kijani, na kimekaa mbele, juu, upande wa dereva, mahali ambapo mkono wa Athman na wa Mama unafika na wa mtoto haufiki. Kama kitufe kikigoma, kama chuma kikipinda, kama ikitokea lolote ambalo sote tunaomba lisitokee, kipo cha kukata. Athman alikigusa akasema, "Baba ameshapanda."

Nilikuwa nikifikiri nitakuandikia kukuambia ulikosea. Nilikuwa hata na maneno, nimeyapanga. Sasa nimekaa kwenye benchi lako, nayatafuta, siyapati. Baharini ulikuwa na haki, na mimi ni shahidi, na yule bibi wa Kizingitini ni shahidi. Ulichukua jambo moja la kweli lililookoa mtoto, ukalipandisha gari nalo, kwa sababu hukuwa na jambo jingine ulilolipenda kiasi hicho. Kama ungefika Voi mara moja tu. Kama ungekuwapo siku ya tikiti. Ningependa sana ungekuwapo siku ya tikiti, ungecheka halafu ungeenda kimya kutafuta nyundo.

Nimekukosa. Naliandika hilo kama lilivyo kwa sababu sijamwambia mtu. Nashona huku mlango wa karakana yako uko wazi na bado nasubiri unigombeze uzi.

Kesho baada ya alfajiri tunavuka kwenda Mokowe. Mkoba wa Twalib uko mlangoni, na nguo zilizomo hazimtoshi tena, ila amekataa kuzitoa, nimeongeza nyingine juu. Rukia anataka kumpelekea tembo mkate kwa kuwa gari ni la mkate. Mama ametia halua, tende, na ubani, na ameniuliza mara mbili kama Voi kuna msikiti, na mara mbili nimemwambia upo. Anaona aibu kuonyesha furaha yake, anajifanya anahangaika na mchele. Umeshachambuliwa huo mchele, Baba, hauna hata jiwe. Anauchambua tena.

Basi kwaheri, baba yangu. Mola akupe wasaa na nuru huko uliko. Nakuahidi mambo matatu, na Mama amenisikia nikiyasema. Kwenye mashua kesho wana hawatafungwa kamba, watavaa majaketi yao na watakaa huru, kama ulivyotaka. Garini hawatatembea hata kutoka kwa Karisa mpaka barabarani bila kufungwa. Na popote pale watakapofungwa katika dunia hii, nitahakikisha kwanza wamejua kufungua.

Tukirudi nitakuja kukueleza tembo ni mkubwa kiasi gani. Nenda kalale sasa. Watoto tutawafunga, na kisu chako kipo.

Binti yako,
Zuhura